Kupokea mwanagenzi hotelini: mwongozo kwa waajiri na wafanyakazi wa Arusha na Moshi

Hoteli nyingi za Arusha na Moshi hupokea vijana wa fildi kila mwaka. Kijana anakuja na barua ya chuo, anapewa aproni, anaosha vyombo wiki nane, anagongewa mhuri, anaondoka. Huo si uanagenzi. Mwanagenzi ana mkataba na hoteli yako, anafuata mpango wa mafunzo mliokubaliana na chuo, anagawa muda wake kati ya darasa na kazi, na mwishoni anapimwa na mtu ambaye si bosi wake. Serikali ilitoa mwongozo wa taifa wa uanagenzi mwaka 2017, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni utaratibu wako kuanzia sifuri. Kazi iliyobaki ni kuufanya utembee ndani ya hoteli yenye vyumba kumi na viwili, jiko dogo, na supavaiza ambaye tayari amechoka.

Arusha inajengewa uwanja kwa ajili ya AFCON 2027, na wenye nyumba za wageni kuanzia Njiro hadi Usa River wanaongeza vyumba. Vitanda vinanunuliwa kwa wiki moja. Mtu wa kuvitandika vizuri, kumpokea mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa KIA saa sita usiku akiwa hana begi, na kutunza jiko lisiumize watu matumbo, hapatikani kwa wiki moja.

Nitasema mapema ninachokiamini, kwa sababu hatua zote zilizo hapa chini zinakitegemea: anza na mfanyakazi wako wa zamani, ndipo umtafute kijana. Hoteli inayomleta mwanagenzi kabla haijamwandaa wa kumfundisha inampotezea kijana muda na inajipotezea fedha.

Hatua ya kwanza: wape vyeti walio nao ujuzi

Karibu kila hoteli ina mtu wa namna hii. Alianza kama msaidizi wa jikoni, leo ndiye anayeonja kila sufuria kabla haijatoka, na shefu akiugua yeye ndiye jiko. Hana cheti hata kimoja. Vijana wenye vyeti wanakuja, wanamuuliza kila kitu, kisha wanapandishwa vyeo juu yake.

VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na upishi na huduma za hoteli ni miongoni mwa fani zake. Mfanyakazi anajaza fomu na kueleza kazi anazozifanya. Wapimaji wanamhoji na kumtazama akifanya kazi kwa mikono yake. Wanabainisha mapengo, anafundishwa yale tu asiyoyajua, anapimwa, anapata cheti. Harudishwi darasani kuanza upya na watoto waliomaliza kidato cha nne juzi. Mara kwa mara Ofisi ya Waziri Mkuu hugharimia mafunzo ya aina hii kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi. Ulizia kwenye ofisi ya VETA iliyo karibu nawe kama kuna nafasi kabla hujatoa fedha mfukoni.

Wewe mwajiri una kazi mbili hapa. Andika barua inayosema wazi huyu amefanya kazi gani kwako na kwa muda gani, maana wengi hukwama hapo: hawana karatasi yoyote ya kuthibitisha miaka yao. Kisha mpe ruhusa yenye malipo siku za kupimwa. Ukimkata siku hizo kwenye mshahara, umemwambia kwamba cheti ni shida yake peke yake.

Wewe mfanyakazi, usingoje kuitwa. Andika kwenye daftari vyakula unavyovimudu mwanzo hadi mwisho, mashine unazoziendesha, idadi ya wageni uliowahi kuwapikia kwa mkupuo mmoja. Mpimaji anauliza vitu vya namna hiyo, na mtu anayeijua kazi kwa mikono mara nyingi hushindwa kuisema kwa mdomo kwa sababu tu hajawahi kuulizwa.

Hatua ya pili: teua mlezi, na umpunguzie mzigo

Mlezi wa kazini si lazima awe mkuu wa idara. Mara nyingi mkuu wa idara hafai, kwa sababu siku nzima anakimbizana na oda, mapato na malalamiko. Tafuta yule ambaye wenzake humfuata wakikwama, mwenye uvumilivu wa kurudia jambo lile lile bila kupandisha sauti. Mlezi mmoja asilee wanagenzi zaidi ya wawili kwa wakati mmoja.

Kisha mpunguzie kazi. Kama mhudumu wa vyumba husafisha vyumba kumi na viwili kwa zamu, siku ambazo yuko na mwanagenzi mpangie tisa. Kama hukubaliani na hesabu hiyo, bado hujawa tayari kupokea mwanagenzi. Mpe pia posho ya ulezi, hata ndogo, na iandikwe kwenye hati ya mshahara ili ionekane ni kazi inayotambuliwa. Nimeona walezi wazuri wakiacha kufundisha kimyakimya kwa sababu walipewa jukumu lile kama zawadi isiyokuwa na kitu ndani.

Walezi wengine wana hofu ambayo hawaisemi: nikimfundisha huyu kila kitu, kesho atachukua nafasi yangu. Hofu hiyo ina msingi. Zipo hoteli zilizowahi kufanya hivyo hivyo. Ijibu kwa maandishi: mlezi asipunguzwe kazini ili nafasi yake ijazwe na aliyemfundisha. Weka saini.

Hatua ya tatu: nenda chuoni ukiwa na orodha, urudi na mtaala

Arusha kuna Chuo cha Hoteli na Utalii cha VETA kule Njiro, na kampasi ya Chuo cha Taifa cha Utalii. Moshi kuna chuo cha VETA. Vipo pia vyuo binafsi vingi, vingine vizuri sana, vingine ni bango na viti. Kabla hujashirikiana na chuo binafsi, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Namba ya usajili ni kitu cha kuuliza siku ya kwanza, bila aibu.

Omba mtaala wa fani unayoitaka na ukae nao pamoja na mlezi. Pitieni kila umahiri na mjibu swali moja: hapa kwetu unafanyika au haufanyiki? Utashangaa mangapi hayafanyiki. Hoteli ndogo ya kitanda na kifungua kinywa haina baa, haina bafe ya watu mia, pengine nguo zinapelekwa kwa dobi wa nje. Mwanagenzi wako akibaki hapo miaka yote ya mafunzo, atafeli sehemu ambazo hajawahi hata kuziona.

Dawa yake ni kuungana. Hoteli tatu nne za mtaa mmoja, tuseme Shanty Town pale Moshi au Sakina kwa Arusha, zinaweza kubadilishana wanagenzi: wewe una jiko zuri la kienyeji, jirani ana baa na ukumbi wa mikutano, wa tatu ana mashine za kufulia. Kijana anahama kwa wiki sita, kisha anarudi. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema nani analipa posho wakati huo, nani anasaini daftari lake, na kwamba hakuna atakayemshawishi aachane na aliyemtuma. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachovunja ushirikiano mwingi kabla haujazaliwa, kwa hiyo kisemeni wazi mezani.

Hatua ya nne: mkataba

Uandikwe kwa Kiswahili, usainiwe na watatu: hoteli, mwanagenzi na chuo. Kama kijana hajafikisha miaka 18, mzazi au mlezi wake wa nyumbani awepo na asaini. Usimpe mtu mkataba akiwa amesimama mapokezi wageni wakipita. Mpe aende nao nyumbani, ausome na wakubwa wake, arudi na maswali.

Mambo ya saa ndiyo yanayoleta ugomvi mkubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi saa 9 kwa siku, na siku 6 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Kazi ya usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Aliye chini ya miaka 18 hafanyi kazi ya usiku. Ninashauri mwanagenzi apangiwe ndani ya mipaka hiyo hiyo, na siku za darasani zihesabiwe kama siku za kazi. Kijana anayetoka zamu saa nne usiku, kisha anatakiwa darasani saa mbili asubuhi, hajifunzi kokote.

Halafu kuna yale madogo ambayo si madogo. Anakula nini na saa ngapi? Nani ananunua viatu vya jikoni visivyoteleza? Tipu inagawanywaje, na yeye yumo? Akivunja glasi anakatwa? Andika yote. Kuhusu tipu, msimamo wangu ni kwamba mwanagenzi awemo kwenye mgao tangu mwezi wa kwanza, hata kwa fungu dogo, maana mgeni hakujua kwamba aliyembebea mzigo ni mwanafunzi.

Usafiri wa usiku uwe na kifungu chake. Wengi wanakaa mbali na hoteli kwa sababu ya kodi: Kwa Mrombo, Ngaramtoni, Pasua. Daladala zikiisha, binti wa miaka 19 anabaki na bodaboda asiyemjua. Kama zamu inaisha usiku, hoteli impeleke.

Na liandikwe hili bila kuzunguka: hakuna anayeruhusiwa kumtaka mwanagenzi kimapenzi ili apate saini, zamu nzuri au ajira. Taja watu wawili anaoweza kuwaendea, mmoja awe mwanamke, na mmoja awe wa chuo ili asilazimike kumshtaki bosi kwa bosi. Ufundi ukipatikana kwa kuumizwa, kijana anauacha siku anayopata upenyo, na ana haki ya kuuacha.

Kuhusu gharama kubwa zaidi: mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kuanzia Julai 2023 ilishushwa Tanzania Bara kutoka asilimia 4 ya malipo ya wafanyakazi hadi 3.5. Fedha hiyo unaitoa ukiwa na mwanagenzi au usiwe naye. Kwa hiyo ongea na VETA kama mtu anayekwenda kudai huduma aliyokwisha kuichangia. Ofisi za WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) zijue kabla ya siku ya kwanza kwamba una mwanagenzi, ili akiungua mafuta ya moto pasiwe na ubishi wa nani anahusika. Na kila atakayegusa chakula akapimwe afya, kisha apimwe tena kila baada ya miezi 6.

Hatua ya tano: fuata mvua

Mafunzo yafuate msimu wa kwenu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni wanapungua, kambi nyingine zinafungwa, na wenye hoteli hupeleka watu likizo. Hapo ndipo pa kuwafundisha. Vyumba viko wazi, mlezi ana muda, mtu anaweza kutandika kitanda kimoja mara nane bila kumchelewesha mgeni yeyote. Mwanagenzi akianza Machi, Juni inamkuta anajua njia za jengo, majina ya vyombo na namna ya kupokea simu. Akianza Julai, kundi la watu ishirini likiwa limeshuka mlimani na linataka maji ya moto, nguo safi na chakula kwa pamoja, hakuna atakayemfundisha. Ataambiwa asogee pembeni.

Elewaneni na chuo kuhusu vipindi virefu vya darasani viangukie wapi. Novemba, kati ya wimbi la katikati ya mwaka na lile la Krismasi, ni mwezi mwingine mzuri.

Hatua ya sita: siku zenyewe

Wiki ya kwanza asipewe kazi ya kubeba jengo zima. Atembee na mlezi, avijue vifaa vya kuzimia moto na milango ya dharura, alale usiku mmoja kwenye chumba cha wageni kama upo uwezekano. Anayelala pale ndiye anayegundua kwamba taa ya kusomea iko mbali na kitanda na kwamba bomba linalia.

Kila umahiri ufundishwe kwa mpangilio ule ule: mlezi anafanya huku akisema anachofanya, anafanya tena pamoja na kijana, kijana anafanya mlezi akiangalia kimya, kisha anafanya peke yake. Hapo pa kuangalia kimya ndipo pagumu kwa mlezi, kwa sababu mikono inamwasha.

Chukua mfano wa lanchi boksi, kazi ya kila alfajiri katika miji hii. Gari la safari linatoka saa moja kuelekea Tarangire au Ngorongoro, jiko linaanza saa kumi alfajiri. Mwanagenzi ataona kazi ni kupanga vitu kwenye boksi. Mlezi mzuri anamuuliza: mgeni atakula saa ngapi? Saa saba mchana. Boksi litakuwa wapi muda wote huo? Nyuma ya gari, juani. Sasa niambie, kuku huyu aliyetoka mafutani akifungwa moto moto kwenye boksi, ndani kutakuwaje? Hapo ndipo kipimajoto kinapotoka. Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo ndipo vijidudu vinapozaana. Kuku aive hadi nyuzi 70 ndani kabisa, apoozwe haraka, akae kwenye friji hadi dakika za mwisho, boksi lisafiri kwenye kontena lenye barafu. Saladi ya mayonezi isiingie safari hiyo. Kijana aliyeelewa sababu hahitaji kusimamiwa siku mlezi akiwa likizo.

Kwenye mapokezi na mezani kuna somo ambalo vyuo hulipita haraka. Mtoto aliyelelewa vizuri Marangu au Monduli amefundishwa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Anamwamkia mgeni mzee akiwa ameinamisha uso, anajibu kwa sauti ya chini. Mgeni kutoka Ujerumani anadhani amepuuzwa. Usimkemee kijana, na usimwambie aache heshima ya kwao. Mweleze kwamba kwa mgeni huyu heshima iko machoni: mtazame, tabasamu, taja jina lake, kisha toa funguo. Akitoka nje akakutana na babu mlinzi, shikamoo yake iendelee kama kawaida. Fanyeni mazoezi ya maigizo kila jioni dakika kumi, mlezi akiwa mgeni mwenye hasira, mgeni asiyejua Kiingereza vizuri, mgeni ambaye maji yamemkatikia akiwa na sabuni kichwani.

Daftari la mafunzo lijazwe siku hiyo hiyo, na kijana mwenyewe, kwa maneno yake. "Nimefanya usafi" haitoshi. "Nimesafisha chumba 7 peke yangu, nimesahau kukagua chini ya kitanda, mlezi amenionyesha" ndiyo inayofaa. Mlezi asaini kila wiki, mwalimu wa chuo aje kuliona walau mara moja kwa muhula. Mwalimu asiyekuja, mpigie simu. Asipokuja tena, mwandikie mkuu wa chuo.

Maneno machache kwa mwanagenzi. Fika mapema, uliza, na weka nakala ya mkataba wako nyumbani. Kazi chafu utafanya, kila mtu amefanya. Lakini ukiona miezi inapita uko kwenye sinki lile lile huku mtaala unasema ulipaswa kuwa kwenye michuzi, fungua daftari mbele ya mlezi na umwonyeshe ukurasa. Daftari lina nguvu kuliko malalamiko.

Hatua ya saba: kupimwa na kuondoka

Upimaji wa mwisho ufanywe na chuo na mamlaka husika, hotelini kwako au chuoni, lakini wiki chache kabla yake fanya wa kwenu wa ndani. Mwombe shefu au msimamizi wa vyumba wa hoteli jirani aje kumpima, nawe ukampimie wa kwake. Mtu wa nje anaona ambacho ninyi mmezoea.

Kama una nafasi ya kumwajiri, mwambie mapema na umwandikie mkataba mpya wa ajira wenye mshahara kamili. Kuendelea kumwita mwanagenzi baada ya muda wake kwisha ni kumlipa posho kwa kazi ya mtu mzima. Kama huna nafasi, mwandikie barua inayotaja umahiri mmoja mmoja alioufikia, halafu shika simu na uwaulize wenye hoteli unaowafahamu nani anahitaji mtu. Fanya hivyo akiwa bado amebakiza mwezi mmoja kwako, wakati jirani anaweza kuja kumwona akiwa kazini.